Hesabu ya Mwalimu Isomwe Yote

Kila ifikapo tarehe 14 Oktoba, siku aliyofariki Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1999, husikika kelele za makundi mawili. La kwanza humsifu mpaka ukadhani hakuwa mtu wa kukosea. La pili humlaumu mpaka ukadhani umaskini wote wa nchi hii aliuleta yeye mkononi. Twasema makundi yote mawili yanawapotosha wananchi. Mwenye duka anayesoma mapato peke yake mwisho hufunga duka. Na anayesoma hasara peke yake hathubutu hata kulifungua.

Kwa hiyo, ndugu wanachama, tuisome hesabu yote.

Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, nchi ilikuwa na makabila zaidi ya 100, na mkoloni alikuwa amezoea kututawala kila kabila mbali. Hata miezi miwili haikupita, Mwalimu akauacha Uwaziri Mkuu, akamkabidhi Ndugu Rashidi Kawawa, akarudi vijijini kukijenga chama. Kutokana na kazi hiyo Kiswahili kimekuwa lugha ya Bunge, ya baraza na ya soko, na mtu wa Songea huoa Bukoba bila kuuliza kabila la Rais ni lipi. Hiyo si mali ndogo. Waulizeni wakimbizi waliotujia kutoka nchi za jirani.

Kadhalika, tangu 1963 Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Msumbiji ikawa huru 1975, Zimbabwe 1980. Gharama tuliibeba, na hatuna haja ya kuionea haya.

Lakini tungependa wanachama waitazame zaidi kazi moja, nayo ni elimu ya watu wazima. Mwaka 1967 kama theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma wala kuandika. Kufikia katikati ya miaka ya 1980, waliobaki hivyo walikuwa karibu mmoja katika kila kumi. Jambo hili lilifanyikaje? Watu walikaa chini ya miembe na madaftari yao, wakafundishwa na walimu na hata na majirani waliotangulia kujua. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili waliisikiliza redio kwa vikundi, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo kwa mikono yao. Walielezwa, wakaelewa, wakatenda.

Sasa tugeuze ukurasa.

Huko Ruvuma, kijijini Litowa, vijana wa TANU walikuwa wameanza kulima pamoja kwa hiari yao tangu siku za mwanzo za uhuru. Vijiji vingine vikawafuata, wakaunda umoja wao, wakawa na shule yao na mashine yao ya kusaga nafaka. Mwalimu mwenyewe alivutiwa nao. Na mwaka 1967, katika andiko lake la Ujamaa Vijijini, alieleza wazi kwamba kijiji cha ujamaa hakiwezi kujengwa kwa nguvu. Lakini Septemba 1969 umoja ule wa Ruvuma ulivunjwa. Gazeti la chama halina budi kulisema hili: waliouvunja hawakuwa mabeberu wala makupe. Ilikuwa Kamati Kuu ya TANU.

Baada ya hapo amri zikafuatana. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya ziliondolewa, madaraka yakapewa maofisa waliotumwa kutoka juu. Novemba 1973 ikatangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni lazima, na kazi iishe kabla ya mwisho wa 1976. Watu milioni kadhaa wakahamishwa. Pengine nyumba zilichomwa moto ili wenyewe wasirudi. Pengine watu walishushwa mahali pasipo maji, mbali na mashamba yao. Mwaka 1976 vyama vya ushirika, alivyovijenga mkulima kwa senti zake tangu siku za mkoloni, vikafutwa. Na sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kesi, iliyopitishwa 1962, ikaendelea kuwafunga midomo hata wale ambao wangeweza kutuonya mapema.

Watu watasema ulikuwako ukame wa 1973 na 1974, mafuta yalipanda bei, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, na vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala akiba yetu. Ni kweli tupu. Foleni za sabuni na sukari hazikutokana na sababu moja. Lakini ukame haukufuta ushirika, wala Idi Amin hakuchoma nyumba za wakulima wetu.

Basi hesabu yasema hivi: wananchi waliposhirikishwa tulipata faida, na walipoamriwa tulipata hasara. Mwalimu aliyekaa nao darasani ndiye yule yule ambaye serikali yake iliwapakia katika malori. Kilichobadilika ni njia.

Naye hakuificha hasara hiyo. Kabla ya kung'atuka mwaka 1985 alikiri kwamba kuondoa halmashauri na kuvunja ushirika yalikuwa makosa, na sheria za kuvirudisha zilikuwa zimeanza kutungwa tangu 1982. Wakubwa wangapi wamekiri kosa wakiwa bado kitini?

Kwa wanachama fundisho ni moja. Kazi ya mwenyekiti wa tawi ni kuyapeleka juu maneno ya wananchi, hata yakiwa machungu, kabla ya kuleta chini maneno ya wakubwa. Tawi linalopokea amri tu bila kuuliza limekwisha kuwa karakana ya makosa. Likija agizo kijijini kwenu, liulizeni: nani ameshauriwa? Asiyeuliza hivyo asijiite mfuasi wa Mwalimu, hata akivaa picha yake kifuani.