Ubavu usiounga: Mkwajuni yahitaji rufaa kabla ya kisu

Na Mwandishi Wetu

MTU anayeishi Mkwajuni, makao makuu ya Wilaya ya Songwe, hahitaji kusimuliwa namna mbavu zinavyovunjika. Wachimbaji wadogo wa dhahabu hufukiwa na kifusi, na pikipiki huanguka katika barabara za vumbi. Kinachosimuliwa kwa nadra ni hatima ya yule ambaye ubavu wake haukuunga.

Ubavu hauwekewi plasta ngumu kama mguu. Mgonjwa hupewa dawa za kutuliza maumivu, huhimizwa kuvuta pumzi ndefu na kukohoa ili asipate nimonia, na kwa kawaida mfupa huunga wenyewe ndani ya wiki sita hadi 12. Ndiyo maana anayelalamika mwezi wa nne huonekana anadeka. Lakini mfupa unaotikiswa na pumzi takriban mara 20,000 kwa siku, hasa ncha zake zikiwa zimeachana au mwenyewe akiwa mvutaji wa sigara, unaweza kushindwa kabisa kuunga. Maumivu hubaki mahali palepale, na wengine husikia kitu kikigonga wanapojigeuza kitandani. Picha ya kawaida ya eksirei inaweza isionyeshe tatizo. CT scan huonyesha vizuri zaidi.

Upasuaji upo. Daktari huondoa nyama ngumu iliyojaa kati ya ncha mbili, huzikwangua hadi zitoe damu, huongeza vipande vya mfupa ikibidi, pengine kutoka nyonga, kisha huzishikiza kwa bamba la titani na skrubu. Wapo wanaopona, wapo wanaobaki na maumivu, na bamba lenyewe huweza kukatika. Taarifa zilizochapishwa duniani zinahusu wagonjwa wachache, hivyo si upasuaji wa kukimbiliwa.

Kwa hiyo, kudai mabamba hayo Mkwajuni si sahihi. Kazi hiyo inahitaji mabingwa wa mifupa na wa kifua, wa aina wanaopatikana Muhimbili, jijini Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 800 kutoka Mbeya. Cha kudai ni kidogo: tarehe ya kurudi baada ya miezi mitatu, na barua ya rufaa inayouliza waziwazi kama ubavu umeunga. Mwaka 2021 Serikali ilielekeza sehemu ya mkopo wa Sh trilioni 1.3 kutoka IMF katika ununuzi wa CT scan za hospitali za rufaa za mikoa, hatua iliyokusudiwa kusogeza kipimo hicho karibu na wananchi. Gharama ni suala jingine. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itapimwa kwa watu kama wachimbaji hawa, wasio na mwajiri wa kuwachangia.