Mpangaji si Nabothi



Maboneng, kwa Kisotho, ni mahali pa mwanga. Ndilo jina lililopewa mtaa wa karakana na maghala chakavu mashariki mwa kitovu cha Johannesburg, ambao mwekezaji Jonathan Liebmann alianza kuufufua mwaka 2009. Zikaja sanaa, migahawa, watalii. Tusimwonee: majengo mengi yalikuwa yametelekezwa.

Lakini Machi 2015 wakazi wa Jeppestown, jirani kabisa, waliandamana wakihofia kufukuzwa. Miaka minne baadaye kampuni ilifilisika, na majengo yake mengi yakapigwa mnada. Mwanga huo!

Katika habari kama hizi sisi mapadre hukimbilia shamba la Nabothi. Tazama tofauti, ndugu msomaji. Nabothi alikuwa mwenye shamba, akaweza kumwambia Mfalme Ahabu: siuzi. Mpangaji hana cha kukataa kuuza. Jengo huuzwa yeye akiwa ndani, amelipa kodi, na habari huzipata siku notisi inapobandikwa mlangoni.

Mwaka 2011 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, katika kesi ya Blue Moonlight, iliamua kwamba jiji liwape makazi ya muda maskini wanaoondolewa hata katika jengo la mtu binafsi. Mwenye jengo alitakiwa kuwa na subira tu. Kwetu hata subira hiyo ni adimu.

Nawe mwenye nyumba Kariakoo au Magomeni, unayeketi benchi la mbele kila Jumapili: mnunuzi wa kujenga ghorofa akija, mpangaji wako wa miaka kumi utamwambia lini, kabla ya kupokea fedha au baada?