Istilahi za Injini Zianzie kwa Fundi

Kumekuwa na dai la muda mrefu, hata miongoni mwa wasomi wetu, kwamba Kiswahili hakitoshelezi mahitaji ya taaluma za kiufundi. Makala haya yanalipinga dai hilo kwa mfano mmoja mahsusi: uongezaji wa ujazo wa injini za magari ya zamani.

Tuchukue magari ya Peugeot, ambayo kwa miaka mingi yalibeba abiria na mizigo nchini Kenya, yakipanga foleni pale Feri yakisubiri kuvuka kwenda Likoni. Injini ya Peugeot 403 ilikuwa na silinda nne, kila moja ikiwa na kipenyo cha milimita 80 na mwendo wa pistoni wa milimita 73. Ujazo wake ulikuwa sentimita za ujazo 1468. Katika 404, gari lililoshinda mbio za Safari mwaka 1963 na tena kuanzia 1966 hadi 1968, kipenyo kilipanuliwa hadi milimita 84, na ujazo ukafika 1618. Ilipotoka 504 mwaka 1968, kipenyo hakikuguswa. Mwendo wa pistoni ndio uliorefushwa hadi milimita 81, ujazo ukawa 1796. Baadaye kipenyo kikapanuliwa hadi milimita 88, na ujazo ukawa 1971. Basi njia ni mbili: kupanua silinda, au kurefusha mwendo wa pistoni kwa kubadilisha krenki.

Msomaji atambue kwamba maelezo hayo yametolewa kwa Kiswahili bila kukwama. Pistoni, silinda na krenki ni maneno ya mkopo yaliyokwisha kupata uraia gerejini, hayahitaji mbadala. Kwa kazi yenyewe ya kupanua, tunayo maneno ya kale: kukereza, kupekecha na keekee. Haya ni maneno ya maseremala na waunda majahazi, watu wa ufundi uleule uliochonga milango ya Mji wa Kale. Kutoka mbao hadi chuma, maana haijapotea.

Kuna hatari katika kulipuuza jambo hili. Silinda za Peugeot hizo ni bomba zinazochomolewa na kubadilishwa. Katika injini nyingi nyingine, silinda zimo ndani ya chuma chenyewe, na kila zinapokerezwa ukuta wake hupungua. Ukizidi kuwa mwembamba, hupata joto kupita kiasi na huweza kupasuka. Mwanagenzi aliyekaririshwa namba ya sisii bila kuelezwa kipenyo, mwendo wala ukuta atajuaje pa kukomea? Atakayelipa ni mwenye gari.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Urasmi huo utakuwa wa karatasi tu iwapo istilahi zitaendelea kubuniwa ofisini, kisha zipelekewe fundi kama amri. Ni rai yangu kwamba kila mwanafunzi wa isimu anayetafiti istilahi aanzie gerejini: asikilize, aandike, apange, kisha apendekeze pale tu penye pengo. Wahadhiri nao waipe kazi hiyo hadhi ya utafiti kamili. Fundi amekwisha kutangulia. Msomi ndiye aliyechelewa.