Makangaga Yasitupwe



Katika mkutano uliopita palitolewa shauri kwamba kila kangaga lililomo chunguni barazani litupwe, kwa kuwa lina wadudu watakaohamia katika miche ya mikarafuu. Mimi ndiye niliyeliandika shauri hilo kitabuni, lakini sikuliafiki.

Kwanza, wengi wetu hatumjui adui mwenyewe. Ligeuze jani la kangaga. Vidoa vya kahawia vilivyojipanga sawasawa kama shanga, upande huu na huu wa mshipa, si wadudu. Humo ndimo zilimo chembe zake za uzazi, maana kangaga halitoi maua. Mdudu gamba hukaa ovyo, huyu juu ya mshipa, yule juu ya kikonyo, na ukimkwaruza kwa ukucha hubanduka. Jani lake hunata, kisha huingia weusi kama masizi, na sisimizi hawaondoki hapo.

Pili, hofu yenu si ya bure. Mwaka 1954 mtaalamu Way alichapisha uchunguzi wake wa Unguja, jinsi maji moto wanavyowachunga wadudu magamba kwa ajili ya utamu wanaoutoa. Na kidung'ata wa muhogo, ambaye asili yake ni Amerika ya Kusini, alionekana Kongo katika miaka ya 1970, akafika Tanzania mwaka 1987. Hakuvuka bahari kwa miguu yake. Watu ndio waliomchukua. Basi nasi tunaopakia vyungu Tanga kuvileta Pemba, tujue kwamba huenda tunapakia na abiria asiyelipa nauli.

Lakini dawa yake si kutupa, wala si kupuliza sumu ya shamba ndani ya nyumba. Mimi nilifanya hivyo mwaka jana. Mtoto wangu alikohoa usiku kucha, na wadudu wakabaki pale pale, maana gamba huwakinga.

Yafaa hivi: chungu kigeni kikae peke yake mwezi mmoja, mbali na kitalu. Majani yaliyozidiwa yakatwe, yachomwe moto. Yaliyobaki yafutwe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo, hasa upande wa chini, kisha yasuuzwe kwa maji safi, kwani kangaga ni laini. Kazi hiyo irudiwe kila wiki, mara nne, kwa sababu wadogo huanguliwa baada ya wakubwa kuondolewa. Likishindikana baada ya hayo, hapo litupwe.

Tena tukumbuke, wenye vyungu hivyo wengi ni mama zetu na wake zetu, ndio hao hao wanaochambua karafuu msimu ukifika. Kuwatupia mimea yao bila ya kuwauliza si haki. Naomba shauri lirudishwe mkutanoni, nao waitwe wasikilizwe.

Wasalaam,
Katibu