Sinema ya Nyumbani Ipimwe kwa Mama Mkwe

Mwaka jana mama mkwe wangu alikuja kukaa nasi hapa Embu kwa muda wa wiki tano. Alikuwa akitibiwa mguu, na safari ya kila wiki kutoka kwake karibu na Maua, kupitia Meru, Nkubu, Chuka na Runyenjes, ingemchosha mzee yeyote. Umri wake unakaribia miaka themanini. Tulimpa chumba cha watoto, nao watoto wakawa wanalala sebuleni.

Jumamosi ya kwanza niliona ni vyema tumfurahishe mgeni. Nilikwenda mjini kwa kijana mmoja anayeuza sinema, nikamwomba anipe moja ya kutazamwa na familia nzima. Kijana hakusita. Alinipa sinema ambayo jalada lake lilikuwa na picha ya baba, mama, watoto wawili na mbwa. Nikarudi nyumbani nikijipongeza. Saa mbili za usiku, baada ya chakula, tukaketi sote mbele ya televisheni, mama mkwe akiwa kwenye kiti cha pembeni na mguu wake juu ya kigoda.

Hata nusu saa haikupita. Yule baba wa kwenye jalada alimshika mke wa jirani kiunoni, wakaanza kubusiana, na nguo nazo zikaanza kuvuliwa. Mke wangu akakumbuka ghafla kwamba ameacha sufuria jikoni. Mimi niliisaka rimoti chini ya mito nisiione. Kijana wetu mkubwa, mwenye umri wa miaka kumi na minne, aliinamia simu yake kama mtu anayesoma barua ya serikali. Mama mkwe hakusema neno. Alishika fimbo yake, akatutakia usiku mwema, akaenda kulala saa tatu kasorobo.

Msomaji aliyeoa ataelewa aibu iliyonipata. Kwa desturi zetu, hapa Embu na kule Meru pia, mtu na mama mkwe wake huchungiana maneno, na hata namna ya kuketi. Mimi nilikuwa nimemwalika mzee wa watu kiti cha mbele, halafu nikamwonyesha mambo ambayo nisingethubutu hata kuyataja mbele yake.

Tangu usiku ule nina kipimo changu cha sinema za nyumbani, na leo nataka kuwapa wazazi wenzangu kipimo hicho. Kabla ya kuwasha televisheni jiulize: je, ningeweza kuitazama sinema hii mama mkwe wangu akiwa kwenye kile kiti cha pembeni?

Najua kuna watakaosema kwamba kazi hiyo imekwisha kufanywa. Tunayo Bodi ya Kuainisha Filamu nchini, inayotoa alama. GE ni sinema ya watu wote. PG yahitaji ushauri wa mzazi. Nyingine ni za waliotimiza miaka 16, na nyingine miaka 18. Sina ugomvi na alama hizo. Ni kazi ya maana, na laiti ningaliuliza alama kabla ya kutazama jalada, nisingaliaibika. Lakini alama humwambia mzazi ni mabaya gani yasiyomo katika sinema. Haimwambii ni mema gani yaliyomo.

Hayo niliyajua Jumamosi ya pili. Kwa woga nilichagua sinema ya vikatuni, safi kabisa, ya wanyama wanaoimba na kuanguka anguka. Hapakuwa na la aibu hata moja. Binti yetu wa miaka tisa alicheka sana. Lakini ilipofika saa tatu mama mkwe alikuwa amesinzia, kijana alikuwa amerudia simu yake, na mimi mwenyewe nilikuwa nawaza ada ya shule. Hakuna aliyeona haya, na hakuna aliyesema neno. Tulikuwa chumba kimoja kama abiria wa matatu moja.

Nikatambua kwamba kipimo changu kina sehemu mbili. Kwanza, mama mkwe asilazimike kuondoka. Pili, awe na la kusema.

Simba wa Meru

Jumamosi ya tatu bahati ilitujia kupitia kwa binti yetu. Alimwuliza nyanya yake kama ni kweli kwamba kule kwao kuna simba. Hapo nikakumbuka sinema iitwayo Born Free, iliyotoka mwaka wa 1966.

Wengi wa rika langu wanaikumbuka, lakini watoto wetu hawaijui, ingawa inahusu nchi yao. Ni habari za kweli za Elsa, simba jike aliyelelewa na George na Joy Adamson. Mnamo 1956 George, aliyekuwa askari wa wanyamapori, alimpiga risasi simba jike, kisha akagundua kwamba ameacha watoto watatu wachanga. Wawili walipelekwa katika hifadhi ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Wa tatu, Elsa, alibaki na kulelewa nyumbani, akafundishwa kuwinda, na mwishowe akaachiwa huru huko Meru. Virginia McKenna na Bill Travers, waliokuwa mke na mume hata nje ya sinema, ndio walioigiza. Sinema yenyewe ilipigwa upande wa Naro Moru, ng'ambo ya pili ya mlima wetu, na muziki wake ukapata tuzo mbili za Oscar.

Lugha yake ni Kiingereza, ambacho mama mkwe hakijui. Basi binti yetu alijitwika kazi ya ukalimani. Aliketi karibu na kigoda, akawa anamweleza nyanya yake kila kinachosemwa, na palipokuwa hapasemwi kitu alitia maneno yake mwenyewe, kama afanyavyo DJ Afro katika zile sinema za ngumi zinazopendwa vibandani. Nyanya alicheka mpaka akafuta machozi.

Kisha akauliza jina la sinema lina maana gani. Mtoto akamwambia: "Aliyezaliwa Huru."

"Nani aliyezaliwa huru?"

"Simba, Shosho."

"Mwaka gani?"

Nikamjibu kwamba ilikuwa 1956. Mama mkwe alinyamaza kidogo, kisha akatuomba tusimamishe sinema. Nikaisimamisha.

Alituambia kwamba mwaka huo yeye alikuwa msichana wa kama miaka minane kule Imenti, kabla hajaolewa upande wa Maua. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa na serikali ya kikoloni Oktoba 1952 na kuondolewa Januari 1960. Watu wa kwao walikuwa wamehamishwa kutoka mashambani mwao na kurundikwa katika kijiji kimoja. Kijiji kilizungushiwa handaki lenye vijiti vilivyochongwa, na mama yake alikuwa mmoja wa wanawake waliolazimishwa kulichimba. Jioni filimbi ililia, na aliyeonekana nje baada ya hapo alikuwa na hatari ya kupigwa risasi. "Simba yule alifundishwa kwenda porini," akasema, "na sisi hatukuruhusiwa kwenda kuchota maji."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayesahihisha hesabu. Baada ya hapo akatuambia tuendelee, kwani alitaka kujua kama simba atapata mume.

Nilimtupia jicho kijana wetu mkubwa. Simu ilikuwa juu ya meza, imelazwa kifudifudi. Aliuliza maswali ambayo mwalimu wake wa historia angefurahi kuyasikia: handaki lilikuwa na kina gani, nani alishika lindo, walikula nini. Tulimaliza sinema saa tano kasoro robo. Inaishia pale Elsa anapowaleta watoto wake watatu kwa wale waliomlea. Nikaongeza kwamba Elsa wa kweli alikufa Januari 1961 kwa ugonjwa wa kupe, na kwamba kaburi lake lipo ndani ya Mbuga ya Taifa ya Meru, kando ya Mto Ura. "Hata ng'ombe wetu waliuawa na kupe," akasema mama mkwe, "na hao waliobaki waliliwa na simba." Tukacheka sote.

Sasa mtu anaweza kuniuliza: je, sinema hiyo haina kasoro? Inayo, tena kubwa. Hadithi ni ya nchi yetu, lakini watu weusi waliomo ni watumishi na wabeba mizigo, na habari za vijiji vya Hali ya Hatari hazitajwi kabisa. Kuna wasomi watakaotushauri tuitupe. Mimi nasema tuitazame, lakini isitazamwe na mtoto peke yake. Akiitazama peke yake chumbani atajifunza kwamba mwaka wa 1956 jambo kubwa lililotokea Kenya lilikuwa simba. Akiitazama na nyanya yake atajua mambo mawili: habari ya simba, na habari iliyoachwa nje.

Nyingine za Kufaa

Wiki mbili zilizobaki tulitazama nyingine mbili. Ya kwanza ni Supa Modo ya mwaka wa 2018, iliyoongozwa na Mkenya Likarion Wainaina. Humo lugha ni zetu: Kiswahili, Kikikuyu na Kiingereza. Ni hadithi ya Jo, msichana wa miaka tisa mwenye ugonjwa usio na tiba, anayerudishwa kijijini kumalizia siku zake. Jo anapenda sinema na anatamani kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu, na kijiji kizima kinashirikiana kumfanyia sinema yake. Haifiki hata saa moja u nusu. Natahadharisha kwamba mtoto hufa, na kwetu walilia wote. Lakini binti yetu aliuliza juu ya kifo, na aliyemjibu vizuri kuliko sisi wazazi alikuwa nyanya yake, ambaye amezika watoto wawili.

Ya pili ni The Boy Who Harnessed the Wind ya mwaka wa 2019, aliyoiongoza Chiwetel Ejiofor, naye mwenyewe akaigiza kama baba. Ni habari za kweli za William Kamkwamba wa Malawi, kijana aliyefukuzwa shule kwa kukosa karo wakati wa njaa, akatengeneza kinu cha upepo kwa vyuma vilivyotupwa. Mtu yeyote wa Mbeere aliyewahi kutazama mahindi yakikauka shambani hatahitaji mkalimani. Sehemu kubwa imesemwa kwa Kichewa, na mama mkwe alifurahi kusikia kwamba huko nako nyumba ni nyumba, na moto ni moto.

Naweza kuongeza Queen of Katwe ya mwaka wa 2016, habari za Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa Katwe mjini Kampala aliyekuwa bingwa wa sataranji. Lupita Nyong'o ameigiza kama mama yake. The First Grader ya mwaka wa 2010, juu ya Mzee Maruge aliyeingia darasa la kwanza mwaka wa 2004 akiwa na miaka 84, ni nzuri sana pia, lakini ina mateso ya wakati wa Mau Mau yanayoonyeshwa wazi. Hiyo waachieni watoto wakubwa, na mzazi awepo. Veve ya mwaka wa 2014, ingawa ni ya Maua na miraa yake, ni ya watu wazima. Sikumwonyesha mama mkwe.

Nayajua malalamiko. Umeme hupotea, intaneti ni ghali, na vijana wa leo huchoshwa na sinema isiyo na magari yanayolipuka. Yote ni kweli. Lakini sinema moja kwa Jumamosi moja haimshindi mtu anayenunua intaneti kila siku ili kila mtoto atazame chake pembeni. Na kuhusu kuchoshwa, mwanangu hakuchoshwa na handaki la Imenti.

Mama mkwe alipona mguu, akarudi kwake. Juzi alipiga simu, na baada ya salamu akamwuliza mjukuu wake ni sinema gani tuliyotazama Jumamosi. Mtoto alinitazama. Ukweli ni kwamba hatukutazama yoyote. Mimi nilikuwa nikitazama mpira, mama yao alikuwa na simu yake, na kijana alikuwa chumbani na yake. Kiti cha pembeni kilikuwa na nguo zinazongoja kupigwa pasi.

Kwa hiyo, wazazi wenzangu, nisingependa mdhani kwamba nawahubiria kutoka mlimani. Nami nimeanguka. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno, na mimi nimeona kwamba hata sinema yenye kasoro haiharibiki mzee akiwapo. Basi Jumamosi hii nimepanga kuondoa zile nguo kwenye kiti. Baba yangu mzazi anaishi Runyenjes, mwendo mfupi tu kwa matatu, na sijapata kumwuliza mwaka wa 1956 alikuwa wapi.