Mlango ulifunguliwa, radhi bado

BARAZA LA JUMATANO
Na Tabitha Nekesa

Hekalu la Nairobi la wale tuliozoea kuwaita Wamormoni liliwekwa wakfu Mei 18, 2025. Kabla ya hapo, Mkenya wa kanisa hilo aliyetaka ndoa yake ifungwe kwa kanuni zote za dini yake alijichanga nauli hadi Johannesburg. Hekalu lilipofunguliwa, swali likaanza kuzunguka kwenye matatu na vibarazani: si hawa ndio waliokuwa wakiwabagua watu weusi? Waumini nao wana jibu lao la haraka: hayo ni ya zamani.

Zamani ya lini? Marufuku ya kuwanyima watu weusi ukuhani na ibada za hekaluni iliondolewa Juni 1978. Mzee Kenyatta alifariki Agosti mwaka huohuo, na watu waliopanga foleni kumuaga wangali wanatusimulia. Hiyo si zamani ya Nuhu.

Na asiyejua kanisa hili linavyoendeshwa hawezi kuona uzito wa jambo lenyewe. Katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho (ndilo jina wanalolitaka, na tangu 2018 wamelisisitiza kwelikweli) ukuhani haushikwi na padri mmoja aliyesomea seminari. Hupewa karibu kila mwanamume, kuanzia mvulana aliye katika mwaka anaotimiza miaka 12. Jumapili, wavulana hao ndio wanaopitisha mkate na maji ya sakramenti kutoka benchi hadi benchi. Sasa mfikirie kijana mweusi wa Marekani mwaka 1965. Amebatizwa, maandiko anayajua. Wenzake wanainuka kuchukua trei, yeye amebaki kando ya mama yake, na kwa kanuni ya wakati huo, hata akifikisha miaka 60 angekuwa bado amekaa palepale. Mama naye, kwa rangi yake, hawezi kuunganishwa na mumewe hekaluni kwa ajili ya milele, jambo ambalo waumini hawa wanaliona kuwa kilele cha dini yao.

Tena haikuanza hivyo. Elijah Abel, seremala mweusi, alitawazwa mwaka 1836, Joseph Smith mwanzilishi akiwa hai. Aliyetangaza marufuku ni mrithi wake, Brigham Young, mwaka 1852, mbele ya bunge la eneo la Utah lililokuwa katika kikao hichohicho likiupa utumwa kibali cha sheria. Sababu za kidini zikapachikwa: laana ya Kaini, laana ya Hamu, hata kwamba roho za watu weusi zililegea kabla hazijazaliwa duniani. Abel aliomba ibada za hekaluni hadi uzeeni, akakataliwa. Alifariki 1884, muda mfupi baada ya kurudi kutoka safari ya kulihubiri kanisa lilelile.

Lakini anayenikosesha usingizi ni Jane Manning James. Alikuwa mwanamke huru wa Connecticut, akabatizwa, na mwaka 1843 akaondoka na jamaa zake kwenda Nauvoo, Illinois, walikokuwa waumini wenzake. Walipofika Buffalo wakanyimwa nafasi ya kuendelea na safari kwa chombo. Wakatembea. Zaidi ya kilomita elfu moja, viatu vikaisha, nyayo zikapasuka hadi zikawa zinaacha damu ardhini. Njiani walitishiwa jela kwa kukosa hati za kuthibitisha kwamba si watumwa. Joseph Smith akampokea, akafanya kazi nyumbani kwake, na mkewe Joseph, Emma, akampa nafasi ya kuunganishwa nao kama mtoto wao. Jane hakuelewa maana yake, akakataa.

Alipoelewa, tayari alikuwa Utah, mzee, na marufuku ilikuwa imeshika. Akaandika barua, akaomba tena na tena ile nafasi ya mtoto. Mwaka 1894 wakuu wakampa jibu: ataunganishwa na Joseph Smith, ila kama mtumishi. Ibada ikafanyika katika hekalu la Salt Lake City bila yeye kuruhusiwa kuingia. Mwanamke mzungu, Bathsheba Smith, akasimama badala yake na kuitikia kwa niaba yake. Jane alikuwa hai, akiishi mji huohuo. Alipofariki 1908, rais wa kanisa, Joseph F. Smith, alizungumza mazishini. Ni yeye huyohuyo aliyesimama kwa niaba ya Joseph Smith katika ibada ile.

Nasema haya bila kusahau kwamba wengine wetu tumelelewa katika makanisa ambayo enzi za mkoloni yalikuwa na ibada ya mzungu na ibada ya Mwafrika. Na haki yao niwape. Mwaka 1978, rais Spencer W. Kimball alipotangaza kwamba amepata ufunuo, hakuacha mlango nusu wazi. Wanaume wote wanaostahili wakakubaliwa mara moja. Huko Ghana na Nigeria watu walikuwa wameanzisha makutaniko yao wenyewe na kuandika barua miaka na miaka wakiomba wamisionari. Moses Mahlangu wa Soweto na wenzake waliwahi kusikiliza ibada wakiwa nje, madirishani; yeye akabatizwa 1980. Mkenya Joseph Sitati alibatizwa 1986, na mwaka 2009 akaingia miongoni mwa viongozi wakuu wa kanisa duniani kote.

Mabadiliko ya kweli, basi. Ninachokidai ni radhi.

Desemba 2013 kanisa lilichapisha waraka unaozikana nadharia zote zile za laana na kulaani ubaguzi wa rangi. Waraka mzuri. Ila uliwekwa mtandaoni kimyakimya, bila sahihi ya mtu, na haukusema kwamba marufuku yenyewe ilikuwa kosa. Mwaka 2015 Dallin H. Oaks, wakati huo mmoja wa mitume wao, alieleza wazi kwamba kuomba radhi si desturi ya kanisa. Wabatisti wa Kusini mwa Marekani, ambao dhehebu lao lilizaliwa kwa kutetea wenye watumwa, waliomba radhi hadharani mwaka 1995, na mbingu hazikuanguka.

Mei 2018, mtu aliyelihama kanisa alitengeneza ukurasa bandia wa radhi rasmi. Kwa muda mfupi waumini weusi huko Marekani waliamini, wengine wakalia kwa furaha. Kisha wakaambiwa ni uongo. Sijui mzaha mkatili kuliko huo, na uliwezekana tu kwa sababu kitu chenyewe kilikuwa kinasubiriwa.

Rafiki yangu muumini hapa Nairobi huniambia hana haja na hayo. Alijiunga na kanisa lililompokea, watoto wake wanapitisha trei, inatosha. Namheshimu. Lakini yeye ndiye anayeulizwa kwenye matatu, na hana karatasi yenye sahihi ya kumwonyesha mtu. Waliofunga mlango wamemwachia mzigo wa kueleza kwa nini ulifungwa. Na jambo lisilotamkwa huota tena: kitabu cha masomo ya familia cha mwaka 2020 kilichapishwa kikiwa na maelezo ya kale kuhusu ngozi nyeusi na laana, hadi kiongozi mmoja akalazimika kusimama mbele ya NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, na kusema anasikitika. Alisikitikia kosa la uchapishaji. Kosa la miaka 126 halijapata wa kulisikitikia kwa namna hiyo.

Watoto wa kanisa hili hufundishwa Jumapili kwamba anayetubu hukiri, huomba msamaha, na hurekebisha. Urekebishaji umeanza. Tamko la 1978 lilisomwa mkutanoni na waumini wakainua mikono kulikubali. Mkutano huo mkuu hufanyika kila Aprili na Oktoba, nao hutafsiriwa kwa Kiswahili. Waraka wa 2013 usomwe hapo, uongezewe sentensi inayokosekana, na rais wa kanisa autie sahihi.