Kunenepa si kupona kwa aliyepandikizwa ini

NI desturi yetu Wakenya kumpima mgonjwa kwa macho. Akikonda twahuzunika, akinenepa twamshukuru Mungu kwamba amepona. Kwa mtu aliyepandikizwa ini, kipimo hicho cha macho chaweza kuwa cha hatari.

Wengi wa wagonjwa wa humu nchini wanaohitaji ini jipya husafiri hadi India. Safari hiyo hutanguliwa na harambee, na mara nyingi jamaa mmoja hujitolea kukatwa sehemu ya ini lake ili kumwokoa mwenzake. Upasuaji ukifaulu, daftari la michango hufungwa kwa imani kwamba kazi imekwisha. Ukweli ni kwamba ndiyo kwanza inaanza.

Tangu Dkt Thomas Starzl afanye upasuaji wa kwanza wa aina hiyo nchini Marekani mnamo 1963, tiba hii imepiga hatua kubwa. Siku hizi, katika hospitali zenye tajriba, takriban wagonjwa tisa kati ya kumi huwa hai mwaka mmoja baadaye. Kwa sababu hiyo, tishio nalo limebadilika. Anayevuka mwaka wa kwanza hukabiliwa na hatari ya mwili kulikataa ini, lakini pia maradhi ya moyo, figo na saratani.

Unene huchangia pakubwa katika hatari hizo. Kabla ya upasuaji, maji hujaa tumboni huku misuli ikisinyaa, hivi kwamba hata mizani hudanganya. Ini jipya linapoanza kufanya kazi, hamu ya chakula hurejea na masharti mengi ya mlo huondolewa. Familia nayo humwandalia nyama, chapati na soda ili "arudishe mwili". Kwa kuwa hafanyi mazoezi, kinachorejea upesi ni mafuta wala si misuli.

Aidha, dawa zinazouzuia mwili kulikataa ini zina gharama yake. Steroidi huongeza njaa na kupandisha sukari katika damu. Takrolimasi hudhoofisha uwezo wa kongosho kutoa insulini, na saiklosporini huweza kuzidisha shinikizo la damu na lehemu. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba karibu nusu ya wagonjwa hawa hatimaye hupata mseto wa kitambi, sukari, shinikizo la damu na mafuta mabaya katika damu. Ini lenyewe laweza kujaa mafuta, na ile zawadi ya jamaa ikaanza kuharibika.

Hata hivyo, mgonjwa asithubutu kuacha dawa hizo kwa kuogopa kunenepa. Kuziacha ni kuualika mwili ulishambulie ini. Ni daktari pekee anayeweza kupunguza kipimo au kubadilisha dawa, na mara nyingi steroidi hupunguzwa taratibu katika miezi ya kwanza.

Linalohitajika si muujiza. Uzani, sukari, shinikizo la damu na lehemu vipimwe kila mara, hata mgonjwa anapojihisi mzima. Sahani yake ijae mboga, maharagwe na samaki, na ugali upunguzwe. Atembee kwa kasi angalau dakika 150 kwa wiki pindi daktari atakapomruhusu. Ajiepushe pia na balungi, tunda ambalo huongeza kiwango cha takrolimasi mwilini, na asitumie dawa za mitishamba bila ushauri.

Serikali nayo ina wajibu. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 ilibuni hazina mahususi ya dharura na maradhi sugu. Hakuna ugonjwa ulio sugu kuliko ule unaomlazimu mtu kumeza dawa maisha yake yote. Malipo ya bima yasiishie kwenye chumba cha upasuaji, bali yagharimie pia dawa, vipimo na ushauri wa lishe. Hospitali za kaunti nazo ziwe na wahudumu wanaoelewa dawa hizi, ili mgonjwa wa Turkana au Kwale asilazimike kusafiri hadi Nairobi kila anapohitaji kupimwa sukari.

Nasi jamaa na majirani tubadilishe salamu zetu. Badala ya kumsifu mgonjwa kwamba amenawiri, tumuulize alipimwa lini mara ya mwisho. Aliyekatwa ini lake kwa ajili ya nduguye hakufanya hivyo ili tuje kuyapoteza maisha hayo kwa kisukari tulichoweza kukizuia.